Poda ya protini na ini: nini hasa kilimgeuza njano mshikaji wetu wa jimu?

Leo nawaletea jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda, na kila nikipita jimu nasikia watu wanalibishania bila kulielewa. Swali ni hili: ile poda ya protini wanayokoroga watu wa mazoezi, inaharibu ini au haiharibu?

Kwa wale ambao dakika zao kwenye kafe zinakaribia kuisha, jibu fupi hili hapa. Protini yenyewe, kwa mtu ambaye ini lake na figo zake ni nzima, haijaonyeshwa kuharibu ini ikinywewa kwa kiasi cha kawaida. Kinacholiharibu mara nyingi ni vitu vinavyosafiri na hiyo poda: vidonge unavyopewa pembeni, dawa zilizochanganywa bila kuandikwa kwenye lebo, vikolezo vya kuchoma mafuta, na wakati mwingine sumu ya ukungu. Mwenye muda aendelee kusoma, maana humo katikati ndimo watu wanamoumia.

Niseme mapema, mimi si daktari. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG, matokeo yakanibakiza mtaani, sasa naandika. Haya nimeyasoma na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Ukiwa na tatizo nenda hospitali, usije ukanipigia mimi.

KISA CHENYEWE

Mtaani kwetu Tabata kuna jimu ya uani. Vyuma vichache ni vya dukani, vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Unalipa kwa siku, unapiga tizi, unaondoka. Kati yetu kuna jamaa nitamwita Mussa (jina nimelibadilisha), mtu wa kazi ngumu, anabeba mizigo sokoni asubuhi na jioni yuko kwenye vyuma. Kuna kipindi Mussa alianza kujaa kwa kasi ambayo wote tuliishangaa. Kifua, mabega, shingo. Ndani ya wiki saba au nane fulana zake zote zikawa za mdogo wake.

Akiulizwa anasema, "Ni poda tu, kaka." Na kweli kopo tulikuwa tunaliona.

Kisha akaanza kuwashwa. Hakukuwa na upele wala vipele, ngozi ni safi, lakini usiku anajikuna viganja na nyayo mpaka zinachubuka. Mama yake akasema ni maji ya kisima. Wakabadilisha maji. Haikusaidia. Hamu ya kula ikapotea, mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Siku moja tumesimama nje juani, Kocha akamwangalia akamwambia, "Wewe, mbona macho yako ya njano?"

Hapo angekwenda hospitali siku hiyohiyo, habari ingekuwa fupi. Alikaa wiki mbili zaidi akinywa mizizi ya kuchemsha aliyoletewa na shangazi yake. Alipokwenda hatimaye alikuwa wa njano mwili mzima. Wakapima virusi vya homa ya ini, hakuna. Wakapiga altrasaundi kuangalia kama kuna mawe kwenye nyongo, hakuna. Dokta akawa anauliza swali moja kila akirudi: "Unakunywa nini?" Mussa anajibu poda. Anaulizwa nini kingine, anasema hakuna kingine.

Mara ya tatu mama yake ndiye aliyefungua mfuko wa begi la mazoezi mbele ya dokta. Ndani kulikuwa na kipakiti cha vidonge vidogo vya rangi ya pinki, bila jina. Aliyemuuzia kopo ndiye aliyempa, akimwambia ni vya "kuifungua poda ifanye kazi". Dokta akavitazama, akamwambia hizo ni steroidi, aache leo.

Sasa sikieni kilichoniuma. Habari zilipofika jimu zilifika hivi: "Poda imeua ini la Mussa." Watu wawili wakatupa makopo yao. Lakini jamaa mwingine aliyekuwa na vidonge vilevile vya pinki akaendelea navyo kwa amani kabisa, maana kwake kosa lilikuwa la poda na yeye hatumii poda! Nilimweleza siku hiyo jioni. Akacheka, akaniambia nina wivu.

PROTINI IKIFIKA KWENYE INI

Poda nyingi zinatokana na maziwa. Jibini inapotengenezwa, maziwa yanaganda na kuacha maji ya rangi ya kijani-njano. Zamani viwanda vingi vilikuwa vinayamwaga au kuwapa nguruwe. Siku hizi yanachujwa, yanakaushwa, yanawekwa ladha ya chokoleti, unauziwa kwa bei ya mbavu za mbuzi. Nyingine zinatoka kwenye soya, njegere au mayai. Kwa hiyo kimsingi ni chakula kilichokaushwa, na dozi moja huwa na gramu 20 hadi 25 za protini.

Ukila protini, iwe ya dagaa au ya kopo, utumbo unaivunja kuwa amino asidi. Hizo zinapita kwenye ini kwanza kabla ya kusambaa mwilini. Zile zinazozidi mahitaji ini linazivua naitrojeni, na hapo inazaliwa amonia ambayo ni sumu. Ini linaigeuza amonia kuwa urea, urea inakwenda kwenye figo, unaikojoa. Kazi hiyo ini linaifanya kila siku tangu uzaliwe, hata ulipokuwa unanyonya.

Wapo ambao mtambo huo una hitilafu ya kuzaliwa nayo. Ni ugonjwa adimu wa kurithi ambapo ini halimudu kugeuza amonia, na mtu anaweza kufika utu uzima bila kujijua. Mwaka 2020 kijana mmoja wa miaka 16 nchini Uingereza alifariki siku chache baada ya kunywa kinywaji cha protini, na uchunguzi ukaonyesha alikuwa na tatizo hilo la kurithi. Kilichomuumiza ni ubongo kujaa amonia. Sasa usikimbie ukasema "si niliwaambia!", maana kwa mtu wa namna hiyo hata nyama nyingi kwa mkupuo inaweza kuleta balaa hilo. Dalili ni mtu kutapika, kuchanganyikiwa na kulala usingizi usio wa kawaida baada ya protini nyingi. Ukiona hivyo ni dharura, msimpe soda na kumwambia apumzike.

Wenye ugonjwa wa figo hao wapangiwe kiasi na daktari wao. Na wenye ini lililokwisha kunyauka, kuna jambo linalopotoshwa sana mitaani: zamani waliambiwa waache protini kabisa. Siku hizi mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya unasema kinyume, kwamba wengi wao wapate gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili, kwa sababu misuli yao inaisha. Kwa hiyo kama una mjomba anaumwa ini na mmemnyima maharage na samaki, muulizeni tena dokta wake.

VIDONGE VINAVYOTEMBEA NA KOPO

Turudi kwa Mussa. Kwa nini kidonge kidogo vile kimgeuze njano wakati kopo zima la poda halikumfanya kitu?

Homoni ya kiume ukiimeza ilivyo, ini linaivunja karibu yote kabla haijafika kwenye damu. Ndiyo kazi ya ini, ni mlinzi wa getini. Wataalamu wa kemia walipotaka kidonge cha kumeza walibadilisha kipande kidogo cha molekuli, kwenye nafasi ya 17, ili ini lishindwe kuivunja haraka. Methandienone, stanozolol na oxandrolone ni za jamii hiyo. Unaona mtego ulipo? Kile kinachokifanya kidonge kifanye kazi ndicho hichohicho kinachoitesa ini. Haviachani.

Kinachotokea mara nyingi ni nyongo kukwama ndani ya ini badala ya kushuka kwenye utumbo. Ikikwama, rangi yake inarudi kwenye damu: macho ya njano, mkojo mweusi, kinyesi kinapauka kama udongo wa mfinyanzi. Na kuwashwa kule kunakotangulia mambo mengine. Watumiaji wa muda mrefu wamewahi kupata hata uvimbe wa ini na vifuko vya damu ndani ya ini, ambavyo vikipasuka mtu anavuja damu tumboni.

Wamarekani wana mradi unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa, unaitwa DILIN. Mwaka 2014 walitoa hesabu za wagonjwa 839 waliowafuatilia tangu 2004. Kati yao 130 waliumizwa na virutubisho na mitishamba, na 45 kati ya hao ni bidhaa za kutunisha misuli. Karibu wote hao ni vijana wa kiume. Nusu yao walikaa na manjano siku 91 au zaidi. Miezi mitatu, ndugu yangu! Hakuna aliyekufa katika kundi hilo la misuli wala aliyebadilishiwa ini, na hilo nililisoma nikamtumia Mussa. Walioumia vibaya zaidi walikuwa wale wa virutubisho vingine, kama vya kupunguza uzito. Humo wengine walikufa na wengine wakabadilishiwa ini.

Sindano haiko kwenye mtego huu wa ini kwa kiasi hicho, na wauzaji wanalijua hilo na kulitumia kama sifa. Hawakwambii habari ya moyo kutanuka, korodani kusinyaa na uzazi kusimama. Mkichangia sindano, basi hapo mnakaribisha virusi vya homa ya ini B na C na UKIMWI kwa mkupuo mmoja. Nayapita haraka, hayo yanahitaji makala yake.

LEBO NAYO INADANGANYA

Wapo watakaosema, "Mimi sinywi vidonge, nakunywa poda tu, basi niko salama." Ingekuwa hivyo kama kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani.

Marekani, ambako makopo mengi yanadai kutoka, kuna sheria ya mwaka 1994 inayofanya virutubisho visihitaji kuidhinishwa na mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, kabla ya kuuzwa. Mwenye kiwanda ndiye anayejisimamia, na FDA inaingia baadaye watu wakishaumia. Julai 2009 FDA iliwaonya watu waache bidhaa za kutunisha misuli zinazotangazwa kuwa na steroidi au vitu vinavyofanana nazo, na miongoni mwa sababu walitaja ini. Wakati huo vitu hivyo vilikuwa vinauzwa kwenye intaneti na madukani kama virutubisho vya kawaida.

Miezi miwili kabla, Mei 2009, onyo jingine lilihusu Hydroxycut, ya kupunguza uzito: taarifa 23 za matatizo ya ini, moja ikiwa ya kifo. Ikaondolewa sokoni, kisha jina likarudi na mchanganyiko mwingine. Mwaka 2013 ikawa zamu ya OxyELITE Pro huko Hawaii. Madaktari waliona vijana wazima wanaingia na homa kali ya ini isiyo na virusi. Waliohesabiwa mpaka Oktoba mwaka ule walikuwa 29, wengi wao wakiwa wameitumia. Mmoja alikufa, wawili wakabadilishiwa ini. Hizi mbili hazikuwa poda za protini, zilikuwa za kuchoma mafuta. Nazitaja kwa sababu mtu wa jimu akinunua poda mara nyingi anaongezewa na ya kuchoma mafuta, na siku hizi wapo wanaochanganya vyote kwenye kopo moja.

Ndani ya vichoma mafuta hivyo mtuhumiwa mkubwa ni chai ya kijani iliyokolezwa. Kikombe cha chai hiyo hakina neno. Lakini ikikamuliwa kuwa unga mkali, kiambata chake kimoja kiitwacho EGCG kinakuwa kingi mno. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba miligramu 800 kwa siku kutoka kwenye virutubisho zinahusishwa na dalili za ini kuumia. Kwa hiyo ukisoma lebo ya poda yako ukakuta maneno yenye "green tea extract", hapo simama kwanza.

Halafu mwaka 2019 watafiti walewale wa DILIN walipima maabara bidhaa 272 zilizotumiwa na wagonjwa wao. Nyingi kati ya hizo lebo ilisema hiki, ndani kuna kile. Mimi na wewe tunaosoma lebo kwa kuhema tunasoma hadithi.

SUMU YA UKUNGU, NA HAPA HATA WA "ASILI" WASIKILIZE

Mwaka 2024 kikundi cha madaktari wa India, akiwemo Dk. Cyriac Abby Philips wa Kerala, walinunua aina 36 za poda za protini zinazouzwa kwao, wakazipima. Takriban asilimia 70 zilikuwa na maelezo ya uongo kuhusu kiasi cha protini, nyingine zikiwa na nusu tu ya kilichoahidiwa. Takriban asilimia 14 zilikuwa na aflatoksini, sumu ya ukungu ambayo kwetu inaitwa sumukuvu. Asilimia 8 zilikuwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu.

Sumukuvu ni adui wa ini moja kwa moja. Ikiwa nyingi kwa mkupuo inaua. Kenya mwaka 2004, mahindi yenye ukungu yaliwaugua watu 317 na 125 wakafa, wengi huko Ukambani. Kwetu mwaka 2016 ilipiga Dodoma na Manyara, karibu watu 20 wakafariki. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini. Na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B, hatari hizo mbili haziongezani tu, zinazidishana.

Sasa wako ndugu zetu wanaosema, "Achana na makopo ya wazungu, saga karanga, soya na mahindi, ndiyo protini asili." Nakubaliana nao kwa pesa na kwa ladha. Lakini karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu! Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zinazouma ulimi kwa uchungu ndizo huwa zinauzwa bei ya chini kwa ajili ya kusagwa, kwa sababu zikishasagwa huzioni tena. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi sumu hiyo kiasi cha kukutuliza. Nunua karanga nzima, zichambue mwenyewe kwenye ungo, mbovu tupa, usimpe hata kuku, kisha kasage.

NILIVYOPIMA MIMI NIKATAKA KUZIMIA

Baada ya yale ya Mussa niliogopa. Mimi nilikuwa nimekunywa poda miezi minne, bila vidonge. Nikachanga pesa nikaenda maabara kupima ini. Majibu: AST 203, ALT 118. Kwenye karatasi pembeni imeandikwa kawaida isizidi 40. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Njiani nilishaanza kupanga nani atarithi simu yangu.

Nikaenda kwa dokta. "Shikamoo dokta." "Marahaba, kijana, una nini?" Nikampa karatasi. Akaisoma, akaniangalia mikono, akauliza, "Mazoezi ulifanya lini mara ya mwisho?" Nikamwambia jana yake, siku ya miguu, na tulizidisha. Akatabasamu. Akaniambia nikae siku kumi bila kugusa chuma wala kukimbia, nirudie, na safari hii waongeze kipimo cha CK, cha misuli, na GGT.

Kumbe hivi vimeng'enya vya AST na ALT haviko kwenye ini peke yake, viko pia kwenye misuli. Ukiichana misuli kwa vyuma vizito vinamwagika kwenye damu. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambalo wanaume 15 wazima, wasiozoea vyuma, walinyanyua kwa saa moja tu. Vimeng'enya vyao vilibaki juu kwa siku 7 au zaidi. Lakini GGT na bilirubini, ile rangi ya njano, zilibaki kawaida. Ndiyo maana dokta aliitaka GGT: misuli haina mkono kwenye hiyo.

Niliporudia, AST 31, ALT 27. Nililipa mara mbili kwa ajili ya ujinga wangu wa kwenda kupima kesho yake baada ya siku ya miguu. Fikiria sasa ni vijana wangapi wameambiwa "ini lako limeharibika" kwa karatasi kama ile ya kwanza, wakauziwa na chupa ya "kusafisha ini", ambayo nayo ndani ina mitishamba isiyojulikana. Na upande wa pili, kama macho ni ya njano, mkojo mweusi au unawashwa, usijidanganye kwamba ni mazoezi. Mazoezi hayamgeuzi mtu mzima kuwa njano. Nenda siku hiyohiyo, na ubebe kila unachomeza, na mizizi ya shangazi ikiwemo.

Siku ileile dokta alinipima homa ya ini B. Hili nawaomba mlisome mara mbili. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga chanjo hiyo mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo inawezekana kabisa hajachanjwa, na virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili hata moja. Mtu wa namna hiyo akiongeza vidonge vya pinki juu yake anampiga teke mgonjwa aliyelala. Mimi nilikutwa sina. Nikaanza chanjo: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita.

UNAHITAJI KIASI GANI KWANI?

Tupige hesabu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 49 ulionyesha kwamba kwa mtu anayenyanyua vyuma, ukishafika karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kuongeza zaidi hakuongezi misuli ya maana. Mimi nina kilo 65. Mara 1.6, napata gramu 104.

Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa, 8. Bakuli la maharage yaliyopikwa, kama 15. Gramu 50 za dagaa wakavu zinakaribia 30. Na ugali usiudharau, robo kilo ya unga wa mahindi ina karibu 20. Kwa hiyo mtu anayekula ugali, maharage na dagaa, akapata mayai mawili na glasi ya maziwa, ameshavuka 80 bila kujua. Pengo lililobaki ni dozi moja ya poda, au mayai manne. Wale wanaokoroga dozi tano kwa siku wanakojoa pesa, samahani kwa lugha.

Yale makopo makubwa ya kunenepesha, nayo yaangalie vizuri. Mengi yana sukari na wanga uliosagwa kuliko protini, mengine dozi moja inavuka kalori 1,000. Asiyetumika sana akinywa hayo kila siku, mafuta yanahamia kwenye ini.

KABLA HUJATOA HELA

Usinunue poda kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Mfuko usio na lebo usiuguse. Angalia mhuri wa ndani haujachanwa, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na namba ya toleo. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula Tanzania iko TBS, na ile TFDA ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba, kwa hiyo kopo likiwa na mashaka ujue wa kuwauliza.

Kuna alama mbili za wapimaji wanaojitegemea: Informed Sport na NSF Certified for Sport. Wanapima kama ndani kuna dawa zilizokatazwa michezoni, zikiwemo steroidi. Alama yoyote inaweza kuchapwa na tapeli, hilo tunalijua, lakini Informed Sport wanakuruhusu kutafuta namba ya toleo kwenye tovuti yao. Nililijaribu kopo langu la kwanza hapahapa kwenye kafe. Bidhaa ipo, namba ya toleo langu haipo. Nililimwaga chooni, na pesa ile iliniuma wiki nzima.

Na muuzaji yeyote akikupa kitu cha pili "cha kuifungua poda", mrudishie vyote viwili. Maziwa yaliyokaushwa hayahitaji ufunguo.

Mussa alianza kupata nafuu mwezi wa pili. Kuwashwa ndiko kulikochelewa kuisha. Mwezi wa nne vipimo vyake vikawa kawaida. Mwili ulishuka, fulana zake zikamrudia, na sasa yuko tena kwenye vyuma vya zege jioni, polepole. Lile kopo la poda mama yake analitumia kuwekea chumvi. Yule jamaa wa vidonge vya pinki nilimkuta juzi anajikuna mkono kwenye foleni ya daladala. Sikumwambia kitu kuhusu ini, nilimuuliza tu kama mkojo wake una rangi gani. Hakucheka safari hii. Ameniomba nimsindikize hospitali Jumatatu.

Mwenye kopo ambalo lebo yake haielewi aandike kilichoandikwa hapo chini kwenye maoni, tutaisoma pamoja.